Siku Ambazo Mwalimu Asmahani Hakwenda

Kwa miaka kumi na miwili nilikaa meza moja na Mwalimu Asmahani Idarusi katika chumba cha walimu cha shule ya sekondari ya ufundi hapa Tanga. Mimi nafundisha Kiswahili. Yeye alikuwa akifundisha umeme. Kuna waliotuona watu wasiofanana, mimi Mbondei wa Muheza niliyelelewa kanisani, yeye mwanamke wa Ngamiani ambaye swala haimpiti, lakini birika letu la chai lilikuwa moja. Haya ninayoyaeleza mengine niliyaona kwa macho, mengine alinisimulia mwenyewe, na ameniruhusu kuyaandika. Aliweka sharti moja tu, kwamba nisimpambe.

Umeme alijifunzia kiwandani. Mwaka wa themanini na tisa alipelekwa kwenye kiwanda cha kusokota katani ambacho siku hizi ni maghala, msichana pekee kati ya vijana kumi na sita. Msimamizi wao alikuwa mzee Kombo, Mdigo asiyependa maneno. Kwa wiki mbili za kwanza mzee huyo hakumruhusu Asmahani kugusa mashine yoyote. Alimpa kufuli na ufunguo wake, akamfundisha mambo manne: zima swichi kuu, itie kufuli na ufunguo uutie mfukoni mwako, pima kwa testa, ndipo upeleke mkono. Aliyeruka hatua moja alikaa kwenye benchi siku nzima akitazama wenzake wakifanya kazi. "Umeme hauna mjomba," mzee Kombo alikuwa akiwaambia. Asmahani alikaa kwenye benchi lile mara tatu, na tangu hapo hakukaa tena.

Kwa hiyo serikali ilipoanza kusisitiza kwamba wanafunzi wa ufundi wajifunze kwenye sehemu za kazi, na shule yetu ikaambiwa ipeleke vijana wa kidato cha tatu viwandani kwa wiki nane kila mwaka, ilikuwa dhahiri nani atakuwa mratibu. Wanafunzi waliiita fildi, na sisi tukafuata. Kila mwanafunzi alipewa daftari la kazi. Kila wiki aandike alichofanya, msimamizi wa kiwandani atie saini, na mwalimu mratibu amtembelee mara mbili, amkague, naye atie saini yake.

Mwaka wa kwanza Asmahani alikwenda kila mahali. Mwaka wa pili gari la shule likafa injini. Wanafunzi walikuwa wametapakaa, wengine mjini, wengine Pangani, wengine Muheza, wengine njia ya Horohoro mpaka karibu na mpaka wa Kenya, na yeye bado ana vipindi ishirini na nne kwa wiki. Wa karibu aliwafikia kwa bajaji. Wa mbali alianza kuwapigia simu. Alimwuliza msimamizi, "Kijana wetu anaendeleaje?" Msimamizi akajibu, "Hana tatizo." Wiki nane zikiisha, daftari zinakusanywa mezani petu, na Asmahani anazijaza moja baada ya nyingine: tarehe, "Amekaguliwa. Ameridhisha," na saini. Nilimwona akifanya hivyo nikimmiminia chai. Sikuona ajabu yoyote, maana kila shule niliyoijua ilifanya hivyo.

Miongoni mwa daftari hizo lilikuwamo la Qais Asaad.

Qais alitoka Moa, kijiji cha pwani karibu na mpaka. Baba yake, mfanyabiashara mdogo wa mbata, alifariki Qais akiwa darasa la sita, na mama yake, Bi Harusi, aliendelea na kazi ile ile ya kukausha nazi na kuwalea Qais na mdogo wake wa kike, Malak. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, mtaratibu wa kusema, na alikuwa na tabia ya kubaki darasani kengele ikishalia ili amalize mchoro wake. Fildi yake alipelekwa kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi njia ya Horohoro. Akamaliza kidato cha nne vizuri, na cheti chake kilisema kwamba amefanya mafunzo ya kazini kwa wiki nane na kuridhisha. Kwa cheti hicho alipata kazi upande wa pili kabisa wa mkoa, kwenye mtambo wa barafu kule Mkwaja. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Habari zilikuja asubuhi ya Jumatano, mwezi wa tatu, tukiwa kwenye chai. Asmahani alipokea simu, akasikiliza, akasema, "Innalillahi wa inna ilaihi rajiun," akaiweka simu mezani. Mtambo ulikuwa umegoma. Qais aliingia nyuma ya kompresa kufungua mota. Alikuwa amezima swichi, lakini hakuitia kufuli wala hakumwachia mtu neno. Mfanyakazi mwingine aliyekuja zamu aliikuta swichi imezimwa, akadhani imejizima yenyewe, akaiwasha.

Walimzika Moa baada ya Alasiri siku ya pili, kwa sababu mwili ulisafirishwa kutoka Mkwaja kupitia Pangani na Tanga. Mimi na Asmahani tulikwenda, tukakaa ndani na wanawake. Siku ile hakukuwa na la kusema zaidi ya pole. Lakini tuliporudi Jumamosi kwenye hitima, wageni walipopungua, Bi Harusi aliingia chumbani akatoka na daftari lenye jalada la bluu. Alimpa Asmahani kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nisomee," alisema. "Macho yangu hayaoni maandishi madogo. Nataka kujua mwanangu alikuwa akifanya nini kule kiwandani. Yeye kila nikimwuliza alikuwa akisema, mama, kazi tu."

Wanawake kama saba hivi walikuwa wamebaki. Wote wakasogea karibu. Asmahani akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti. "Wiki ya kwanza. Nimejifunza muundo wa mota ya fezi tatu na sehemu zake. Wiki ya pili. Nimejifunza njia za kuunganisha mota." Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, na ingawa si mtu wa umeme, sentensi zile nilizijua. Nilishawahi kusahihisha Kiswahili cha kitabu cha mazoezi alichokiandaa Asmahani mwenyewe kwa darasa lake. Qais alikuwa amekinukuu neno kwa neno. Asmahani alisoma mpaka wiki ya nne. Chini yake palikuwa na mwandiko wake yeye: tarehe kumi na nne Agosti, amekaguliwa, ameridhisha.

Hapo kidole chake kikabaki juu ya tarehe ile.

Tarehe kumi na nne Agosti ya mwaka ule tulikuwa Pangani, mimi na yeye, kwenye harusi ya mpwa wake Rawan.

"Inaendelea?" Bi Harusi aliuliza.

"Inaendelea," Asmahani akasema. "Lakini naomba niondoke nalo, Mama Qais. Nikalisome vizuri. Nitakurudishia kwa mkono wangu."

Njiani kurudi alilishika daftari mapajani mpaka tulipofika mjini. Aliposhuka aliniambia, "Elizabeti, mtoto yule hakufundishwa kufuli. Darasani nililitaja kwa mdomo tu, nikitegemea kiwandani ataligusa." Akashika njia ya kwao.

Wiki tatu baadaye mkuu wetu wa shule, Mwalimu Abrahamu, alimwita ofisini. Ngazi za juu zilitaka tathmini ya fildi kwa miaka mitatu, kwa sababu shule nyingine za mkoa zilikuwa zinaingia kwenye mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, na zilitakiwa zijifunze kutoka kwa zilizotangulia, yetu ikiwamo. Fomu zilikuja tayari. Ilikuwa kazi ya siku mbili tu ya kuhesabu daftari: wangapi walipelekwa, wangapi waliridhisha. Jibu lilijulikana kabla hata ya kuhesabu, kwa sababu wote waliridhisha.

Asmahani aliomba miezi miwili. Mwalimu Abrahamu alishangaa, akampa mwezi na nusu.

Alianza kuwatafuta wanafunzi wenyewe. Waliopita kwenye fildi miaka ile mitatu walikuwa mia moja na kumi na wawili. Aliwatafuta kwa simu za wazazi, kwa wenzao, kwa kuuliza misikitini na sokoni. Alitumia Jumamosi na Jumapili zote, na siku zake za likizo, akipanda pikipiki kwenda vijiji ambavyo kwa miaka miwili alikuwa anavisikia kwenye simu tu. Mara nne nilimsindikiza. Mkononi alikuwa na kibao cha mbao alichokiunda karakana, chenye swichi kuu ndogo, mota ndogo, testa na kufuli. Hakumwuliza mtu kama fildi ilimsaidia. Alikiweka kibao mezani akasema, "Mota hii imeharibika. Nionyeshe unaanzaje."

Nilimwona kijana mmoja Muheza, mwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, akipeleka bisibisi moja kwa moja kwenye mota. Asmahani akamshika mkono. "Fildi ulikuwa wapi?" Kijana akajibu kwamba alikuwa kwenye kiwanda cha mbao. "Ulikuwa unafanya nini?" Akacheka kidogo kwa aibu. "Nilikuwa nazoa pumba za mbao, mwalimu. Na chai ya saa nne nilikuwa naipika mimi." Daftari lake lilisema amejifunza kuunganisha kiwashi cha mota.

Nilimwona pia Samiha. Huyu alikuwa ameolewa na ana mtoto mchanga, akatukaribisha Chumbageni kwa dada yake. Alimpa dada yake mtoto, akakivuta kibao, akazima, akatia kufuli, akautia ufunguo kifuani mwake, akapima upande huu na upande ule, ndipo akafungua mota. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Asmahani akamwuliza nani aliyemfundisha. Alikuwa hakupelekwa kiwandani. Nafasi zilikuwa zimekwisha, akasukumwa kwenye kibanda cha fundi Zuleha, mama mmoja wa Ngamiani anayesuka upya koili za mota zilizoungua. Siku zile Samiha alilia kwamba ameonewa.

Wasimamizi nao aliwaendea. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alimwambia mbele yangu, bila kuficha, "Mwalimu, mnatuletea watoto kumi kwa barua ya siku mbili. Nikimpa mtoto mashine akaiunguza, nani atajibu? Akiumia, nani atajibu? Nampa ufagio ili mwisho wa wiki nane nikurudishie mzima. Hamjawahi kuniuliza kama naweza kufundisha."

Kwenye kiwanda cha mafuta ya nazi alikwenda peke yake. Alinieleza kwamba msimamizi, mtu mzima mwenye mvi, alimkumbuka Qais mara moja. "Kijana mwepesi yule, mwenye adabu. Tulimweka kwenye kupakia mapipa. Mara mbili aliniomba aingie na mafundi chumba cha mitambo, nikamwambia asubiri. Halafu siku zikaisha." Saini zote nane za daftari alizitia kwa pamoja, siku ya mwisho. Asmahani alipomwambia kwamba Qais amekufa, na amekufaje, yule mzee alitoa kofia, akakaa juu ya pipa. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Alikuwa anataka kuingia, mimi nikamwambia asubiri."

Mwezi na nusu ulipokwisha, Asmahani alikuwa amewaona kwa macho vijana sabini na mmoja. Kumi na tisa waliweza kuonyesha kwa mikono kitu walichofundishwa mahali pa kazi, na wengi wa hao walitoka kwenye vibanda vya mafundi wadogo, si viwanda vikubwa. Hamsini na wawili hawakuweza. Ukurasa wa nne wa ripoti yake ulikuwa na jambo ambalo halikuulizwa kwenye fomu: kwamba daftari ishirini na sita zilikuwa na saini ya mwalimu mratibu kwa siku ambazo mratibu hakwenda, na mratibu huyo ni yeye, na mmoja wa wanafunzi hao amefariki kazini kwa kukosa jambo ambalo hufundishwa wiki ya kwanza.

Mwalimu Abrahamu aliisoma, akaniita mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu ya kweli. "Mwalimu Eliza, wewe ni mtu wa lugha, na ni rafiki yake. Ripoti hii itamponza, na itaiponza shule. Ilainishe. Na ukurasa wa nne, mshauri autoe."

Nitasema ukweli, niliichukua nikailainisha. Palipoandikwa "hawakufundishwa" niliandika "hawakupata fursa ya kutosha". Palipoandikwa "walipika chai" niliandika "walishiriki katika shughuli mbalimbali". Kwa kazi hiyo nina ustadi. Asubuhi nilimwekea mezani. Alisoma kurasa mbili, akachukua kalamu nyekundu anayosahihishia wanafunzi, akarudisha maneno yake moja moja. Alipomaliza alinirudishia karatasi bila ukali.

"Wewe mwenyewe huwakata maksi wanaoandika hivi," alisema.

Nikaona haya. Nikaipiga chapa upya kama ilivyokuwa.

Kabla ya kikao cha mkoa cha kusoma ripoti za fildi alikwenda Moa kurudisha daftari, kama alivyoahidi. Nilifuatana naye, nami niliyaona yote. Bi Harusi alikuwa uani amekaa kwenye mkeka, akitoa mbata kwenye vifuu kwa kisu kifupi. Malak alikuwa akizitandaza juani. Alipotuona mama aliinuka nusu akaamkia, "Shikamoo mwalimu," Asmahani akaitikia marahaba, na badala ya kukalia kiti alicholetewa akakaa mkekani, uso kwa uso naye. Malak akaambiwa akalete maji.

"Nimekuja kulisoma lililobaki," Asmahani alisema. "Lakini kwanza nikuambie, kabla ya mkutano wetu wa hizi fildi. Yaliyoandikwa humu hakuyafanya. Aliyanakili kwenye kitabu changu. Kule alikuwa akipakia mapipa. Aliomba kuingia kwa mafundi, hakuingizwa. Na hapa chini nimeandika kwamba nilikwenda nikamkagua. Sikwenda."

Bi Harusi aliendelea kukata mbata. "Hukwenda siku hii?"

"Siku hii, na ile nyingine."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Mama Qais. Ningekwenda ningeona. Ningeona, ningemtoa pale, au ningemfundisha mwenyewe."

Kisu kikasimama. Malak alikuwa amerudi na gilasi mbili za maji, akasimama mlangoni bila kujua aingie au arudi. Nakumbuka kuku waliingia kwenye zile mbata zilizoanikwa na hakuna aliyewafukuza.

"Watu wote waliokuja hapa," Bi Harusi alisema mwishowe, "wameniambia ni kazi ya Mungu. Na mimi nasema ni kazi ya Mungu. Lakini wewe ndiye wa kwanza kuniambia sehemu ya watu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Msamaha usiniombe leo. Ukiniomba nitakupa kwa kuwa nimefundishwa hivyo, na sitakuwa nimekupa. Siku ikifika nitakuambia mwenyewe."

"Sawa," Asmahani alisema.

"Huko kwenye mkutano wenu utasema hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Basi nenda kaseme."

Kikao kilifanyika Raskazone, kwenye ofisi iliyo ndani ya nyumba moja ya zamani ya Wajerumani, yenye dari iliyo juu sana na mapanka yanayozunguka polepole. Walikuwapo maofisa, wakuu wa shule sita, na wawakilishi wa sehemu za kazi. Mimi nilikaa nyuma kuandika muhtasari. Shule mbili zilitangulia kusoma ripoti zao. Mafanikio yalikuwa asilimia tisini na kitu. Asmahani akasimama. Alisoma kwa sauti ile ile ya darasani, bila kuharakisha, kurasa zote tano. Alipofika wa nne hakushusha sauti wala hakuipandisha. Alitaja jina la Qais kwa ukamilifu wake, Qais bin Asaad, na siku aliyokufa.

Ofisa aliyeongoza kikao aliacha kuandika. "Mwalimu, unaelewa kwamba unajishtaki?"

"Naelewa."

"Na hawa wenzako waliosoma kabla yako, unawashtaki?"

"Wao sijui. Sikukagua daftari zao. Nimekagua zangu."

Mkuu mmoja wa shule aliyekaa karibu nami aliinama akaanza kufunua kurasa za ripoti yake mwenyewe, aliyokwisha kuisoma, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Yaliyofuata hayakuwa ya kufurahisha. Asmahani alipewa barua ya onyo kali na akaondolewa uratibu. Sehemu nne za kazi, zikiona mambo yamekuwa mazito, ziliandika kwamba hazitapokea tena wanafunzi. Kiwanda cha mafuta ya nazi hakikuandika kitu. Mwaka ule vijana wetu zaidi ya nusu walikosa pa kwenda, na wazazi wakaja juu. Baba mmoja alimwambia Asmahani getini, mbele ya wanafunzi, kwamba kwa ajili ya kusafisha roho yake amewafungia watoto wa wenzake milango. Aliniambia baadaye kwamba yule baba hakusema uongo, ila alisema nusu. Katika chumba cha walimu wapo walioacha kumsalimu, hasa wale ambao nao waliwahi kusaini daftari za siku wasizokwenda.

Mwalimu Abrahamu, ambaye nilidhani angemtupa, hakumtupa. Uratibu aliuchukua yeye mwenyewe. Alianza kukubali sehemu chache tu, zile ambazo zilikubali kwa maandishi kumtaja fundi atakayemfundisha mwanafunzi kwa jina, na akakataza mwanafunzi yeyote kuondoka shuleni kabla hajapita kwenye kibao cha Asmahani. Shule nyingine za mkoa zilifanya nini, sijui. Nasikia moja iliomba kibao hicho ikiige.

Januari mwaka uliofuata Bi Harusi alikuja Tanga. Alifika shuleni mchana, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha walimu akingoja vipindi viishe. Malak alikuwa anaingia kidato cha tatu kwenye shule ya kata kule kwao, na alitaka kuhamia kwetu, asome umeme. Amesema umeme na hataki kingine.

"Ndugu zake wananiona nimepagawa hata kulisikiliza," Bi Harusi alimwambia Asmahani. "Nami sina wa kumwuliza ila wewe. Nimlete, au nisimlete?"

Mimi nilitegemea atasema mlete, kwa kuwa ndilo neno la upole. Asmahani alifikiri, akasema, "Sijui. Nipe wiki moja."

Wiki ile aliomba ruhusa siku mbili. Jumanne alishinda kwenye kiwanda kimoja kati ya vitatu vilivyokuwa bado vinapokea wanafunzi wetu, na Alhamisi akashinda kwenye kibanda cha fundi Zuleha, amekaa kwenye kiti cha plastiki akitazama wasichana wawili wakisuka koili. Ijumaa baada ya swala alimpigia simu Bi Harusi nikiwa karibu, akaiweka kwenye spika kwa sababu sikio lake moja lina uzito.

"Kiwandani asiende," alisema. "Fundi waliyemtaja kwenye barua ameshahama, na aliyepo hana muda na watoto. Kwa Zuleha aende. Kama nafasi kwa Zuleha ikikosekana, mrudishe nyumbani, asome mengine. Asipelekwe mahali pengine hata akilia."

"Umekwenda mwenyewe?" Bi Harusi aliuliza.

"Nimekwenda. Nilikuwa pale tangu saa mbili mpaka saa kumi."

"Basi nitamleta," Bi Harusi akasema.

Malak alihamia kwetu mwezi wa pili. Fildi yake ilianza Juni. Siku ya kwanza mama yake alitoka Moa alfajiri, akaja mpaka kibandani kwa Zuleha, akakaa kwenye kiti kile cha plastiki tangu asubuhi mpaka adhana ya Adhuhuri, mkoba wake mapajani, akitazama. Zuleha hakumwambia aondoke. Alimpa tu maji ya kunywa, akaendelea kumwonyesha Malak jinsi ya kuhesabu mizunguko ya waya. Asmahani alipita saa tano, akasimama upande wa pili wa mlango. Wanawake wale wawili waliamkiana, wakaulizana hali.

Asmahani amestaafu mwaka huu. Neno la msamaha kama limekwisha kusemwa, mimi sijui, na sijamwuliza.